Pemba Hakuna pa Kunywa?

Kila Mpemba aliyewahi kusoma au kufanya kazi Dar es Salaam ameshaambiwa maneno haya: "Pemba kuzuri, ila hakuna pa kunywa." Msemaji huwa ametoka huko juzi tu, kwa kazi ya mradi au kwa harusi, na huyasema kwa sauti ya kukupa pole, kama vile umefiwa. Anachokusudia ni kwamba hakuona baa. Anachokisema ni kikubwa kuliko hicho: kwamba kisiwa kizima kina kiu, na watu wake hawajui kukaa, kumimina, kuonja na kuzungumza.

Naandika kuyakataa maneno hayo. Sitoi mawaidha juu ya pombe. Wapo wenye elimu ya kuyatoa, na mimi sikuombwa. Hoja yangu ni ya ladha na ya heshima. Pemba ina kinywaji cheusi na kichungu, chenye taratibu za kukitengeneza na adabu za kumpa mgeni, na wapo watu wanaoweza kubishana juu yake tangu laasiri mpaka adhana ya magharibi. Kinaitwa kahawa. Aliyepita Chake Chake, Wete au Konde jioni asikione, hakukosa kinywaji, alikosa kutazama.

Nianze na bia, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuitetea kahawa.

Nilipokuwa chuoni Dar nilikuwa na marafiki wanaoipenda bia nyeusi, ile ya aina ya Guinness. Mimi siinywi. Lakini niliwasikiliza kwa makini, maana mtu anayekipenda kitu kwa ujuzi huwa na la kukufundisha hata kama kitu chenyewe hukitumii. Walinieleza kwamba weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua. Walisema usiinywe ikiwa na baridi ya kutia ganzi ulimi, kwa kuwa baridi kali huficha ladha. Ndiyo maana mhudumu wa baa akiuliza "baridi au moto?", wengi wao hujibu "moto", yaani ile iliyokaa kabatini bila kuingia friji. Glasi iwe safi, isiwe na hata chembe ya mafuta, kwa kuwa mafuta huvunja povu. Mimina kwa mkono uliotulia, ngoja, kisha malizia. Na walijua historia: kwamba mwaka 1759 Arthur Guinness alikodi kiwanda Dublin kwa mkataba wa miaka 9,000, kana kwamba hakuna kufa.

Sikuwacheka. Niliona watu wanaokiheshimu wanachokitia mdomoni. Kilichonikera ni kwamba watu walewale, nikiwaambia habari ya kahawa ya kwetu, walitabasamu kama mtu anayeoneshwa mchezo wa watoto. Uchungu wa shayiri ya Ireland kwao ulikuwa ustaarabu. Uchungu wa buni ya barazani ulikuwa uzee.

Sasa sikilizeni namna bibi yangu wa Wete, ambaye naamini hakuwahi kuishika chupa ya bia maishani mwake, alivyokuwa akiandaa kahawa. Kwanza aliichagua buni kwenye ungo, punje moja moja, kwa sababu punje mbovu moja huharibu kikaango kizima. Kisha akaikaanga juu ya makaa, moto wa wastani, mwiko hausimami. Punje hutoka ujani zikaingia umanjano, halafu hudhurungi, halafu zikaanza kupasuka kwa sauti ndogo kama bisi. Anayeipenda nyepesi angeishia hapo. Bibi aliendelea mpaka zikang'aa weusi, na hapo hakumruhusu mtu kumsemesha, maana baina ya nyeusi na iliyoungua kuna pumzi chache tu. Aliziepua na kuzitandaza upesi zipoe, la sivyo zingeendelea kujikaanga kwa joto lake zenyewe. Kisha kinu na mchi. Unga wake haukuwa laini kama wa mchele, kwani ukilainika mno hautulii chini ya dele na kikombe hujaa mashapo.

Maji yalichemka kwanza. Kahawa ikatiwa, ikapanda, ikaepuliwa, ikashuka, ikarudishwa. Wapo wanaotia tangawizi, wapo wanaotia iliki, na wapo wanaoapa kwamba kitu chochote zaidi ya kahawa na maji ni kuficha buni mbovu. Mzozo huo ni mzito kuliko mizozo mingi niliyoisikia kwenye makongamano. Kisha ikaachwa itulie. Dele halitikiswi. Atakayemimina huliinamisha taratibu, akatia kidogo katika kikombe kisicho na mkono, wala hakijazi mpaka ukingoni. Kikombe ni kidogo kwa makusudi: kahawa inyweke ikiwa ya moto, na kila baada ya mafunda machache mgeni apate sababu ya kuongezewa, na mwenyeji sababu ya kumtazama usoni. Sukari haiingii ndani. Utamu unakaa pembeni, katika kipande cha halua, kashata au tende, ili ulimi wenyewe uamue lini uende kwenye uchungu na lini urudi.

Weka maelezo hayo kando ya yale ya bia nyeusi. Nafaka au punje hukaangwa mpaka kwenye mpaka wa kuungua. Joto la kunywea lina sheria. Chombo kina sheria. Kumimina kuna subira. Hata kikemia ni ndugu: weusi na harufu ya vyote viwili hutokana na sukari na protini za punje zikikutana na moto mkali. Ukimwita mmoja mjuzi na mwingine mzee wa kijiweni, huzungumzii ladha tena. Unazungumzia nani amekutengenezea kipimo cha kupimia watu.

Na tazama lugha inavyoamua kesi hii. Katika Kiarabu cha zamani neno "qahwa" lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo kabla halijawa jina la kahawa. Karne ya 15 masufi wa Yemen waliitumia kahawa kukeshea dhikri. Mwaka 1511 mkuu wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, na katika yaliyowatisha wakubwa ni kwamba watu walikuwa wakikusanyika kuinywa na kuzungumza. Marufuku hayo hayakudumu. Kinywaji kilichorithi jina la mvinyo kikashinda kesi, kikavuka bahari, kikafika kwetu. Nasi tukakifanyia nini? Tukaliita "mkahawa" kila duka la kula na kunywa, hata lisilouza kahawa. Tukalichukua jina la ukumbi wa mbele ya nyumba, baraza, tukaliita kwalo bunge letu, Baraza la Wawakilishi, na serikali yetu, Baraza la Mapinduzi. Nchi ambayo vyombo vyake vya dola vimebeba jina la mahali pa kunywea kahawa haiwezi kuambiwa kwamba haina pa kunywa.

Lakini maneno yasemwayo kwa pole hugeuka sera. Januari 2024 Zanzibar ilipata uhaba wa pombe, bei zikapanda mno, wenye hoteli wakalalamika, na mwezi huohuo waziri wa utalii akajiuzulu. Habari ilifika mpaka kwenye mashirika makubwa ya habari ya nje. Simlaumu aliyelalamika; mwenye hoteli ana wageni wa kuwahudumia na mishahara ya kulipa. Nauliza tu: ni lini uchache wa kahawa nzuri katika hoteli zetu umewahi kumkosesha mkubwa yeyote usingizi?

Maana uchache huo upo. Katika hoteli moja kisiwani kwetu, yenye ufukwe mzuri na wahudumu wakarimu, niliagiza kahawa asubuhi. Nililetewa kikombe cha maji ya moto na kipakiti cha kahawa ya unga ya kukoroga, pamoja na kijiko cha kujikorogea. Nje ya geti, mwendo wa dakika chache, mzee mmoja alikuwa amekaa na dele lake la shaba, makaa yakiwa hai chini yake, anagonganisha vikombe kuita wateja. Orodha ya bia mezani ilikuwa na majina ya nchi nne. Ya yule mzee haikuwamo. Kijana aliyenihudumia ni mtoto wa Kipemba, nilipomuuliza kama nyumbani kwao wanakunywa hii, alicheka akasema, "Dada, hii ya wageni." Hapo ndipo penye jambo. Mgeni amesafiri maelfu ya kilomita, nasi tunampa kile anachoweza kukipata katika kituo chochote cha mafuta kwao, kisha tunaona haya kumpa kilicho chetu.

Wengine hawaoni haya. Mwaka 2015 Oman, Saudi Arabia, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu waliipeleka kahawa yao UNESCO, ikaandikwa kuwa urithi wa ukarimu, pamoja na adabu zake za finjani, ya mkono wa kulia na ya kukitikisa kikombe kuonesha kuwa umetosheka. Mwaka mmoja baadaye Ubelgiji ikaandikisha utamaduni wake wa bia. Angalieni: kahawa kwa hawa, bia kwa wale, na hakuna kati yao aliyesubiri mtu wa nje amwambie kwamba anajua kunywa. Sisi tunaosikia dele likigongwa kila jioni bado tunalihesabu kuwa kelele za mtaani.

Nitajibiwa kwamba kahawa si zao la Pemba. Kweli. Zao letu ni karafuu, tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mashamba ya Unguja na Pemba ikabaki kuwa shamba kuu. Buni inatoka bara: robusta ya Kagera, arabika ya Kilimanjaro, ya Mbeya na ya Mbinga. Lakini Italia nayo si nchi ya mashamba ya kahawa, na hakuna anayewaambia Wataliano kwamba kahawa si yao. Kinywaji huwa cha watu kwa namna wanavyokiandaa na kwa yale wanayoyafanya wakiwa wamekishika. Tena jibu hilo linanipa silaha. Sehemu kubwa kabisa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ikiwa mbichi, na faida ya kuikaanga huwaangukia wengine. Baraza la Pemba ni miongoni mwa mahali pachache katika nchi hii ambapo buni ya mkulima wa Karagwe hukaangwa, husagwa, humiminwa na kunywewa na Watanzania wenyewe. Anayelidharau anadharau soko la ndani ambalo kila siku tunaambiwa tulijenge.

Upande wa pili wapo watetezi wa kahawa ambao siwataki katika jeshi langu. Hawa huisifu kahawa kwa sababu si pombe, basi. Kwao kikombe ni kitambulisho cha uchamungu, na mgeni asiyekuwa Mwislamu akipita huoneshwa kama mfano wa mambo yasiyofaa. Kuisifu kahawa hivyo ni kuitukana. Kitu kinachosifiwa kwa kile ambacho sicho hakijasifiwa. Kahawa ya bibi haikuwa nzuri kwa kuwa haikulevya. Maji ya kisima pia hayalevyi. Ilikuwa nzuri kwa sababu mtu mwenye ujuzi aliisimamia juu ya moto bila kugeuza shingo.

Wala sitasema kwamba baraza ni pepo. Wenye umri wangu Pemba tunajua. Baada ya uchaguzi wa 1995 mabaraza yaligawanyika, hili la CCM na lile la CUF, na ikafika mahali watu wakasusiana maduka, harusi na hata mazishi. Kahawa ilikuwa ileile, kutoka dele lilelile pengine, lakini kikombe cha upande ule hakikunyweka. Januari 2001 damu ilimwagika Wete na Micheweni, na watu wetu wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa ngalawa na mashua. Hakuna kahawa iliyozuia hayo. Ila Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikafuata, nyumbani kwetu hatukuyapima maridhiano kwa hotuba. Tuliyapima kwa kuangalia nani sasa anakaa baraza ya nani, na akipewa kikombe anakimaliza au anakiweka chini. Kinywaji kinachoweza kubeba uzito wa namna hiyo hakistahili kuitwa soga za wazee.

Sasa nije kwenye lawama iliyo karibu zaidi na mimi. Baraza ninalolitetea halina nafasi yangu. Mwanamke wa Kipemba hapiti akakaa pale baada ya laasiri akaagiza kikombe. Anayemimina hadharani ni mwanamume, wanaobishana ni wanaume, na akiandika mtu sifa za kahawa ya pwani, huwaandika hao. Lakini ile kahawa haikujikaanga. Katika nyumba nyingi nilizozijua, buni iliyo ndani ya dele ilichaguliwa ungoni na mke, ikakaangwa na mama, ikatwangwa na binti. Ule ujuzi wa pumzi chache baina ya nyeusi na iliyoungua ni ujuzi wa jikoni, na jikoni kwetu ni kwa wanawake. Jina lake limekwenda barazani bila wao.

Hili nalisema kwa wale wa Dar na kwa wale wa kwetu pia. Tukikubali kwamba kahawa ni ujuzi, tutalazimika kuuliza ni wa nani, na jibu litawainua watu ambao hatukuzoea kuwainua. Pengine ndiyo sababu imekuwa rahisi kuiita mazoea tu. Mazoea hayana mwenyewe, hayalipwi, wala hayaandikwi jina. Mpishi wa bia huitwa fundi, picha yake ikabandikwa ukutani. Mkaanga kahawa huitwa "mama fulani yupo ndani".

Ninachotaka ni vitu vya kufanyika, wala si vikubwa. Hoteli za Pemba zinunue kahawa kwa wauza kahawa wa Pemba, ziwalipe waje na madele yao jioni, na jina la aliyekaanga liandikwe kwenye orodha kama yanavyoandikwa majina ya viwanda vya bia. Vyuo vinavyofundisha vijana wetu kufungua chupa ya mvinyo mbele ya mgeni viwafundishe pia kulitua dele na kumimina bila kutibua mashapo. Yote mawili ni kazi ya mkono, na moja tuna walimu wake mtaani. Wanawake wanaokaanga wauze kwa majina yao, katika pakiti zao, kwa bei ya fundi. Na wakitaka kuweka meza zao wenyewe za kahawa, asitokee mtu kuwaambia kwamba mila haijui jambo hilo. Mila imewategemea wao miaka yote.

Nanyi vijana wenzangu wa chuo, mlioko Dar, Nairobi au Muscat, endeleeni na bia zenu nyeusi kama ndizo mzipendazo. Zijueni vizuri, zimimineni kwa subira. Ila ujuzi huo mkiuheshimu kwenu, uheshimuni na kwa mwingine. Anayejua kwa nini glasi isiwe na mafuta ana kila sababu ya kuelewa kwa nini dele halitikiswi.

Na safari ijayo mtu akikuuliza kwa pole kama Pemba kuna pa kunywa, usijitetee wala usitoe mawaidha. Muulize anataka kunywa baada ya laasiri au baada ya isha, maana wanaokaa nyakati hizo mbili si walewale, na kahawa zao si moja.